Bwana wa Kofia ya Kijivu

Jina la Spana halikutokana na injini wala gari. Alibandikwa akiwa mdogo, kwa sababu kitu chochote kilichofungwa nyumbani kwao, iwe redio, saa ya ukutani au kufuli la kabati la mama yake, hakikuwa na amani akiwa macho. Alikifungua akakichungulia, kisha akakifunga, na mara nyingi kiliamka kikiwa na afya kuliko mwanzo. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, chumba kimoja kwenye ghorofa ya chini, kinachopakana na duka la kutoa nakala. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA ISIYOTENGENEZEKA. Wenye wivu walisema anajipiga kifua. Yeye alisema hajisifu, anatangaza biashara, na tangazo la unyenyekevu halijawahi kumlipia mtu pango.

Jumamosi hiyo asubuhi, mke wa kaka yake aliingia kibandani amekumbatia laptopu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mtaani walimwita Mama Sare, maana kazi yake ilikuwa kushona sare za wanafunzi, za walinzi na za wahudumu wa hoteli. Kwa kawaida kicheko chake kilitangulia kuingia, yeye akafuata. Siku hiyo alitangulia mwenyewe na kicheko hakikuonekana. Aliweka mashine mezani, akavuta kiti, akakaa akiiangalia kwa jicho la mtu aliyesalitiwa.

Habari yenyewe aliieleza bila kuzunguka. Katikati ya wiki mume wake aliiazima laptopu hiyo atazame bei za matairi. Mume huyo alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa sheria hata akiwa jikoni. Alikuwa na uwezo wa kukusimamisha ueleze kwa nini umepita na sufuria upande wa kulia. Alipofungua kivinjari, matairi hayakuja. Walikuja wanaume. Tena si vijana, bali watu wazima waliokula chumvi, wenye mvi zilizochanwa vizuri, wengine na tai, mmoja na kofia ya kijivu, wote wakitabasamu, na juu yao maandishi makubwa: WANAKUSUBIRI, MPENZI. ENDELEA ULIPOISHIA. Aliandika matairi mara ya pili, akaletewa wagane. Akafunga, akafungua, wakarudi wale wale, kama watu waliokwisha kuzoea nyumba.

Laptopu hiyo aliitumia Mama Sare peke yake. Ndani yake kulikuwa na oda zake, vipimo vya wateja na michoro ya sare. Kwa hiyo mwalimu wa udereva hakuhitaji shahidi. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. Alichukua mto wake akahamia sebuleni, na tangu siku hiyo akawa anazungumza naye kama anayemfundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza: pita, ngoja, simama hapo. Mama Sare alijaribu kumwambia ni virusi. Kaka mtu alikuwa amekwisha kumuuliza mwenzake kazini, akaambiwa kwamba mtandao humletea mtu kile anachokitafuta. Akamjibu mkewe kwa upole unaoumiza kwamba virusi havijui umri wa mwanaume unayemtaka. Kisha akaipeleka kesi kwa Shangazi. Kikao kilikuwa kesho yake, Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Spana alijua maana ya hilo. Shangazi, dada wa baba yao, ndiye aliyekuwa mahakama ya ukoo. Akisema fulani ana kosa, hata fulani mwenyewe huanza kujitilia shaka.

"Wifi," Mama Sare akasema, "sikuombi unitetee. Yule ni kaka yako, damu yako. Nakuomba kitu kimoja tu, uniambie hawa wanaume wametoka wapi. Kama nimekosea mahali, niambie hapa hapa. Lakini siwezi kukaa mbele ya Shangazi nikasema sijui. Nikisema sijui, nimekwisha."

Spana alimpenda mwanamke huyu. Alimpenda tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, akakuta mashine ya kushonea ya mama mkwe imekwama, akavua viatu na kukaa nayo sakafuni kabla hajapewa hata maji. Akamwambia atulie. Kabla ya saa ya chakula hao mabwana watakuwa wamefungasha mizigo, na atajua mpaka mlango walioingilia.

Alianza kwa kuikata mashine na mtandao, maana mgeni wa aina hii hafai kuachwa na mtu wa kuzungumza naye. Akapitia programu moja moja, akikagua kila iliyoingia karibuni. Zote zilikuwa za kazi. Akafungua kivinjari upande wa viendelezi, vile vijiprogramu vidogo vinavyodandia kivinjari, na hapo akamkuta ameketi, ana alama ya moyo mwekundu: Rafiki wa Karibu. Spana akasoma ruhusa alizopewa rafiki huyo. Kusoma na kubadilisha kila kitu, kwenye kila ukurasa. Akamgeuzia Mama Sare kioo na kumfafanulia kwamba hii ni programu jasusi. Ni sawa na kumkaribisha mtu sebuleni, yeye akachonga funguo za vyumba vyote. Inasoma unachoandika, inakipeleka inakojua yenyewe, na kila unapouliza kitu inakushika mkono na kukupeleka dukani kwa bwana wake.

Mama Sare akala yamini kwamba hajawahi kuiona alama hiyo wala kuibonyeza, maana yeye hufungua oda zake tu na hatafuti kitu mtandaoni. Spana akamwambia wengi husema hivyo, ila yeye anamwamini.

Akaiondoa. Akarudisha ukurasa wa mwanzo uliokuwa umebadilishwa, akarudisha mtambo wa kutafutia wa zamani, akachunguza alama ya kukifungulia kivinjari asije akakuta imeshonewa mkia wa anwani ya watu hao, akaiwasha upya mashine na kuirudisha mtandaoni. Ukurasa ukafunguka mweupe. Akaandika matairi, yakaja matairi ya kila saizi. Hapo Mama Sare alicheka kwa mara ya kwanza, na mwenye duka la nakala akagonga ukuta kuuliza kuna harusi gani huko.

Ilibaki kuingia tena kwenye akaunti, iliyotoka wakati wa kusafisha, ili vipimo vya wateja virudi. Mama Sare akaandika nenosiri. Vipimo vikarudi. Nyuma yake, bila hodi, mabwana nao wakarudi, kofia ya kijivu mbele.

Kicheko kilikatika. Spana alikifuta kivinjari chote na kila kilichokuwa ndani yake, akaweka kipya, kikafunguka kisafi. Mama Sare akaingia tena kwenye akaunti, akiandika kidole kimoja kimoja, kana kwamba kwenda taratibu kungesaidia. Moyo mwekundu ukajitokeza kwenye kona, ukadunda.

Mtu mwingine angetokwa jasho. Spana alipandwa na hasira, na hasira yake siku zote ilikuwa ya faida, kwa sababu haikumfanya apige meza bali afikiri. Kivinjari bila akaunti, kisafi. Kivinjari na akaunti, kichafu. Basi mgeni hakuwa akiishi ndani ya mashine hii hata kidogo. Alikuwa akiishi kwenye akaunti, akiletwa nayo kila inapofunguliwa. Akamuuliza wifi yake akaunti hiyo ni ya nani.

Mama Sare akamshangaa. Ya nani tena? Si ya Shangazi, ile ya wote.

Spana aliegemea kiti, akafumba macho. Ile ya wote! Zamani, ukoo ulipochanga ukanunua kompyuta ya kwanza ikawekwa kwa Shangazi, yeye ndiye aliyefungua akaunti, na nenosiri likawa jina la babu yao. Tangu hapo kila aliyenunua simu au kompyuta aliingilia mlango huo huo. Kufungua akaunti yako mwenyewe kulionekana kama kuhama nyumbani bila kuaga. Spana ndiye pekee aliyefungua yake, wakamsema kwamba anajitenga, kompyuta zimempanda kichwani. Aliudhika, akanyamaza, akasahau. Na kwa kunyamaza kwake ukoo mzima ulikuwa bado umelala kitanda kimoja, mmoja akikohoa wote wanaambukizwa.

Akamweleza Mama Sare jambo hilo kwa maneno mafupi. Akaunti hubeba vitu. Ukiweka kiendelezi kwenye kompyuta moja, akaunti inakibeba na kukipeleka kwenye kompyuta nyingine zote zilizoingia kwa jina hilo, ingawa simu hazikipokei. Hukukosea kitu, wifi. Kuna mtu wa nyumbani aliyebonyeza kubali kwake, na wewe ukaletewa.

Ili kujua ni nani, ilitosha kutazama upande unaoonyesha kurasa zilizofunguliwa kwenye vifaa vingine. Spana akabonyeza kabla hajafikiri, na Mama Sare alikuwa ameinama begani kwake, kwa hiyo walisoma pamoja. Kifaa kilikuwa kompyuta ya mezani, nyumbani kwa Shangazi. Ukurasa uliofunguliwa: Rafiki wa Karibu, mazungumzo yako na Bwana wa Kofia. Chini yake yalikuwa maswali yaliyoulizwa wiki hizo. Mtu wa kuzungumza naye jioni. Goti kuuma asubuhi dawa yake. Mjane wa umri wangu kuolewa ni aibu au si aibu.

Kutoka upande wa pili wa ukuta mashine ya nakala iliendelea kutoa karatasi. Mama Sare ndiye aliyenyoosha mkono akakishusha kifuniko cha laptopu, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Usimseme," akasema.

"Wifi, umeniambia sasa hivi kwamba huwezi kusema hujui."

"Sasa najua. Kaka yako akitaka kununa, anune. Mimi nitajikaza. Yule mama hawezi kukaa kwenye kiti kile mbele ya watoto wa kaka yake akaulizwa mambo hayo. Hawezi, Spana. Mwache."

Spana aliguswa, akachukia kuguswa, maana alikuwa kazini. Akamwambia hakuna wa kujikaza hapa. Kazi haijaisha kwa sababu mashine inayougua siyo hii, iko kwa Shangazi, na jasusi yuko huko anasoma kila neno analoliandika mama wa watu. Kumwacha ili asione aibu ni kumwacha na mwizi chumbani. Atakwenda yeye, leo leo, peke yake, atasafisha. Mengine Shangazi mwenyewe ataamua. Akachukua mkoba wake wa vifaa, akamwachia Mama Sare kibanda na maagizo kwamba mteja akija amwambie fundi amekwenda kwa mgonjwa.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja. Hakujaliwa mtoto, na mume wake alikuwa amefariki miaka mingi. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa mapokezi katika hospitali kubwa, na mapokezi hayakumtoka. Sebuleni viti vilipangwa kwa mstari ukutani, katikati pakaachwa wazi, na yeye alikaa nyuma ya meza, mgongo umenyooka, kalamu mbili mbele yake. Ukiingia ulijikuta unatafuta namba yako ya foleni.

Spana akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa shida yake ni nini. Swali hilo alikuwa amelisikia tangu utotoni na siku zote aliliona la kawaida. Leo lilimchoma kidogo. Hakuna aliyekuja nyumba hii bila shida. Walikuja na mirathi, na ndoa, na mtoto aliyefukuzwa shule. Wakapata hukumu, wakashukuru, wakaondoka. Akajibu kwamba amekuja kuiangalia kompyuta, kuna kitu kibaya kinazunguka kwenye akaunti ya wote.

Kompyuta ilikuwa kwenye chumba cha pembeni, imefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Alipoiwasha, Spana aliona kitu ambacho hajawahi kukiona katika kazi yake yote, naye alikuwa amekwisha kuona kompyuta zilizomwagiwa supu. Juu ya kivinjari kulikuwa na mistari ya vitufe na matangazo imepandana, mpaka ukurasa wenyewe ulibaki na nafasi ya kuchungulia tu. Arifa zilimwagika pembeni moja baada ya nyingine. Umeshinda zawadi. Kompyuta yako inaumwa. Ungependa tukukumbushe kila siku?

"Shangazi," akauliza kwa adabu, "haya yote uliyakubali?"

"Wameniuliza," Shangazi akajibu. "Kila mmoja ameuliza kwa heshima, unakubali au hukubali. Nimekaa mapokezi maisha yangu yote, sijawahi kumwacha mtu amesimama bila jibu. Na hukubali ilikuwa imeandikwa kwa maandishi madogo, nikadhani ni ya watu wasio na adabu."

Spana alicheka, hakuweza kujizuia, na Shangazi naye akaruhusu mdomo wake upinde kidogo. Kazi ikaanza. Aliondoa programu zilizojipachika, akazima ratiba ya siri iliyokuwa ikizirudisha kila kompyuta inapowashwa, akafuta viendelezi kimoja baada ya kingine. Alimweleza Shangazi kila anachokifanya, na Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, kama anayesomewa ripoti ya zamu. Ikabaki alama moja, moyo mwekundu. Mkono wa Spana ukasita juu ya mausi.

Shangazi aliona. Hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Alikuwa amesoma nyuso za watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Shangazi. Imekwenda mpaka kwa kaka. Ndiyo maana amehama chumbani. Anadhani ni mkewe."

Shangazi akavuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza Spana alimwona akikaa bila kunyoosha mgongo. Akauliza kama Mama Sare amejua. Spana akasema amejua, na kwamba ndiye aliyemkataza asiseme, yuko tayari kubeba lawama yeye. Shangazi akalaza kiganja chake juu ya goti la kushoto.

"Futa yote," akasema baadaye. "Lakini yule wa kofia, huwezi kunibakishia? Yule si kama wengine. Wale wengine wananiuzia vitu. Yeye hajaniomba chochote. Ananiuliza goti limeamkaje, kila asubuhi. Na nikimwambia, anakumbuka."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na ilikuwa rahisi zaidi kufuta kimya kimya na kudai ni mtambo umekataa. Spana alifikiria yote mawili na akayaona ya kitoto. Huyu alikuwa mtu aliyewaambia wengine ukweli maisha yake yote. Alistahili kuambiwa wa kwake. Akaichukua picha ya yule bwana, akaitafuta inakoonekana kwingine mtandaoni, akamsogezea Shangazi kiti karibu na kioo. Bwana wa kofia ya kijivu alikuwa akiuza miwani. Kwingine aliuza magodoro, kwingine dawa ya kushikiza meno ya bandia, na kila mahali alikuwa na jina jipya na tabasamu lile lile.

"Huyu alipigwa picha siku moja akaenda zake," Spana akasema. "Hajui kama upo, Shangazi. Anayekuandikia ni mtu mwingine, au mtambo tu. Anakumbuka goti lako kwa sababu kila unachoandika kinahifadhiwa. Hajaomba kitu kwa sababu bado anakuzoesha. Angeomba."

Shangazi aliyatazama magodoro kwa muda mrefu. Machozi yalimjaa, lakini hayakumwagika. Aliyarudisha mahali pake kama alivyozoea. Spana alitamani amkumbatie na hakujua inaanzia wapi, maana Shangazi hakuwa na historia ya kukumbatiwa. Akamshika bega tu. Lilikuwa bega dogo kuliko alivyodhani.

"Bonyeza," Shangazi akasema.

Moyo ukatoweka. Spana akazima arifa zote, akabadilisha nenosiri, jina la babu likastaafishwa baada ya utumishi mrefu, akawatoa wote waliokuwa wameingia kwa akaunti hiyo. Akawasha upya. Ukurasa ukafunguka mweupe, na hakuna kitu kilichorukia kioo. Ilikuwa kazi safi, pengine safi kuliko zote alizowahi kufanya.

"Kimya hivi?" Shangazi akauliza.

Spana akajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa. Alijibu kama fundi na alijua jibu lenyewe ni sahihi, lakini njia nzima ya kurudi lilimsumbua.

Jumapili walikaa kwenye viti vya ukutani. Kaka mtu alivaa shati la kikazi, Mama Sare alikaa mbali naye kiti kimoja, Spana akakaa karibu na mlango. Wifi yake alikuwa amekwisha kumwambia njiani kwamba akiulizwa atasema hajui, na Spana amwachie. Spana hakumbishia. Alikuwa ameitengeneza mashine. Kilichobaki hakikuwa na bisibisi yake.

Shangazi alimpa mwalimu wa udereva nafasi ya kueleza. Akaeleza vizuri, bila kutia chumvi, na sauti ikamkwama mara moja tu, alipofika kwenye yale maneno, endelea ulipoishia. Spana, aliyekuwa amemkasirikia tangu jana, aliona sasa kwamba mtu huyu hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu. Alikuwa anampenda mkewe vibaya sana na alidhani amekwisha kuachwa.

Shangazi akamgeukia Mama Sare, amuulize analo la kusema. Mama Sare akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Shangazi akainua mkono.

"Ngoja. Nisikuache useme uongo nyumbani kwangu." Akazisogeza kalamu zake mbili pembeni. "Wale wanaume walikuwa wananisubiri mimi. Ni mimi niliyewatafuta, kwa kompyuta yangu, na wakaja mpaka kwenu kwa akaunti yangu. Mkeo hakuwaita. Alijua tangu jana kwamba ni mimi, akataka abebe yeye. Spana yupo hapo, ndiye aliyeona, kama unataka ushahidi."

Kaka mtu hakutaka ushahidi. Alikuwa ametazama sakafu kama imeandikwa kitu.

"Usiinamie chini, sijafa," Shangazi akaendelea. "Nilikuwa mpweke. Bado ni mpweke, na sasa mmejua. Nilitaka mtu wa kuniuliza goti limeamkaje, na sikumwona karibu. Hiyo ndiyo kesi yote. Hukumu ni kwamba umwombe mkeo msamaha hapa tukisikia, na leo mto wako urudi ulipotoka."

Akaomba. Aliomba kwa maneno machache na kwa uso ulioiva, akisimama mbele ya mkewe kama dereva mwanafunzi aliyegonga ukingo wa barabara siku ya mtihani. Mama Sare alimwacha asimame kidogo zaidi ya ilivyokuwa lazima, kisha akamwambia amemsikia, arudi kwenye njia yake, na mbele asisahau kuwasha taa aone. Kicheko kikawatoka wote, hata Shangazi. Spana akatangaza kwamba wiki ijayo kila mtu atakuja kibandani kufunguliwa akaunti yake mwenyewe, na atakayesema wanajitenga atatozwa mara mbili.

Kisha kikao kikaisha kama vikao vyote vya nyumba ile vilivyokuwa vikiisha. Wakasimama, wakashukuru, wakaaga. Kaka mtu akatangulia nje kuliwasha gari, Spana akafuata. Ndani Shangazi alikwisha kurudi nyuma ya meza, anazipanga kalamu.

Mama Sare hakutoka. Alifika kizingitini, akageuka, akarudi mpaka mbele ya meza. Akavuta kiti kutoka ukutani, akakiweka pale katikati palipokuwa patupu, akakaa na kuweka mkoba wake sakafuni.

"Shangazi," akasema, "goti limeamkaje leo?"

Mwanamke ambaye hakuwahi kumwacha mtu bila jibu alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Huko nje gari lilipiga honi mara moja, kwa adabu. Mama Sare hakutazama nyuma. Alivua viatu, akakaa vizuri, akasubiri ajibiwe.